Fungu la Mja Mzito

Msimu mmoja wa kaskazi nilikwenda Tanga kuwatazama wakwe wa mpwa wangu, na adhuhuri, nilipopita uani kutafuta maji ya kutawadha, nilimkuta mpwa wangu huyo ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Kwa kuwa tumbo halikumwachia nafasi ya kuinama, alikuwa ameegemea nyuma na kunyoosha mikono mbele, na kila alipozungusha kifuu juu ya meno ya mbuzi, bega lake lilipanda kama la mtu avutaye ndoo kisimani. Nazi mbili zilikuwa zimekwisha kukunwa, ya tatu ilikuwa mkononi, na kuni zisizokauka vizuri zilikuwa zikimrudishia moshi usoni kila upepo ulipogeuka. "Shikamoo, mjomba," aliniamkia. Nikamwitikia, nikamwuliza kama hakuchoka. "Kazi ya kila siku hii, mjomba," akasema, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea kukuna.

Haukupita muda mrefu tukaandaliwa sinia barazani: wali wa nazi, changu wa kupaka, mchicha na kachumbari, na kwa kuwa mgeni nilikuwa mimi, kipande cha katikati ya samaki kiliwekwa upande wangu, kama ada ya watu wa pwani inavyotaka, nami nikakila. Baada ya sala ya alasiri nilipita tena uani, nikamwona mpwa wangu juu ya kigoda, sahani pajani, anakula ukoko na masalio ya mchuzi yenye miba mingi kuliko nyama, na kando yake kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Hapana aliyemdhulumu kwa kusudi. Nyumba ile ni ya watu wema, wanaompenda mkaza mwana wao na kumwombea salama asubuhi na jioni. Na hilo ndilo lililonifanya nilifikiri jambo hili kwa muda mrefu, maana dhuluma itendwayo na mtu mbaya huonekana upesi na kukemewa, lakini upungufu unaokaa ndani ya ada njema huweza kupita vizazi vitatu bila ya mtu kuuona.

Watu waandikao juu ya chakula cha mja mzito aghalabu huuliza ale nini na aache nini. Swali hilo ni la haki na nitalijibu kwa kadiri niwezavyo. Lakini liko swali jingine lililo nyuma yake, nalo ndilo mzizi: chakula hicho hupikwa na nani, kwa taabu gani, na kikipakuliwa humfikia nani kwanza? Nionavyo mimi, tumerithi kwa wazee wetu vitu viwili juu ya mimba, miiko na huduma. Katika miiko yao mlikuwa na makosa mengi, na katika huduma yao mlikuwa na hekima kubwa. Nasi, kwa bahati mbaya, tumeishika miiko na kuiacha huduma ituponyoke.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwanamke achukuapo himila hujenga vitu viwili kwa pamoja: humjenga mtoto, na hujenga makao ya mtoto, yaani tumbo la uzazi linalopanuka, kondo la nyuma, na damu mpya ambayo mwishoni mwa mimba huwa imezidi ile ya kwanza kwa karibu nusu yake. Damu haijengwi kwa hewa. Hujengwa kwa madini ya chuma, na mama asiyepata chuma cha kutosha hutoa kile kilichomo katika akiba ya mwili wake, na akiba ikiisha hushikwa na upungufu wa damu. Matabibu huhesabu kwamba mja mzito ana upungufu huo ikiwa himoglobini yake imeshuka chini ya gramu 11 kwa desilita moja. Dalili zake ni kuchoka upesi, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, na weupe wa kucha na wa ndani ya kope; na hatari yake kubwa huonekana siku ya kujifungua, kwa sababu mwanamke aliyeingia katika uzazi na damu kidogo hawezi kuhimili kupoteza damu ambayo mwenzake mwenye siha angeihimili.

Liko pia jambo la siku za mwanzo kabisa, ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutunga, wakati ambapo wanawake wengi bado hawajui kama ni waja wazito. Na ukosefu wa asidi ya foliki katika siku hizo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa sababu hii Shirika la Afya Duniani linashauri mja mzito ameze kila siku chuma cha miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi ya foliki ya miligramu 0.4, na anayetarajia kushika mimba aanze foliki mapema kabla ya mimba yenyewe. Vidonge hivyo, ambavyo watu huviita vidonge vya kuongeza damu, huacha wengine na kichefuchefu na hugeuza choo kuwa cheusi, na mara nyingi hutupwa uvunguni kwa ajili hiyo tu. Ilhali mtu akielezwa mapema kwamba weusi ule hauna madhara, na kwamba kumeza wakati wa kulala hupunguza kichefuchefu, huvumilia.

Ama kiasi cha chakula, ule usemi kwamba mja mzito hula kwa watu wawili umewapotosha wengi. Katika miezi mitatu ya kwanza haja ya mwili haizidi sana. Katika miezi ya kati na ya mwisho huzidi kwa kalori zipatazo 300 hadi 450 kwa siku, na kiasi hicho si sahani ya pili ya wali, bali ni kama chapati moja na kikombe cha maziwa. Kinachozidi sana ni ubora, wala si wingi: chuma zaidi, protini zaidi, kalisi, na madini joto yaliyomo katika chumvi iliyotiwa madini hayo, ambayo ubongo wa mtoto huyahitaji ili ukue sawasawa. Na hapa ndipo ile sahani ya ukoko na mchuzi inapotoa ushahidi dhidi yetu, kwa sababu tumbo huweza kushiba kwa ukoko, lakini damu haishibi.

Neema ya Mungu ni kwamba soko la pwani halikosi vitu hivi, wala si lazima vitoke katika makopo ya ng'ambo. Kunde, choroko, maharage na mbaazi zina protini, foliki na chuma. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya kunde yana foliki na chuma. Dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wana kalisi, na bei yao haimshindi mtu wa kawaida. Lakini chuma cha mimea ni kizito kuingia mwilini kuliko kile cha nyama na samaki, na hushindwa au kusaidiwa na kile kinacholiwa pamoja nacho. Limau likikamuliwa juu ya mchicha, au pera na chungwa vikiliwa baada ya mlo, chuma huingia kwa wepesi zaidi. Na kipande kidogo cha nyama au samaki ndani ya chungu cha kunde huzisaidia kunde zenyewe kutoa chuma chao. Chai, kwa upande wake, hukishika chuma na kukizuia. Basi mwanamke alaye mchicha wake na kuusindikiza na chai kali ya rangi ameupa mwili kwa mkono mmoja na kuunyang'anya kwa mkono wa pili. Na dawa yake si kuiacha chai, ambayo kwetu ni kitulizo cha moyo, bali ni kuisogeza mbele kwa saa moja au mbili baada ya chakula. Jambo hili halina gharama hata ya senti moja, na sijui ushauri mwingine wa jikoni ulio rahisi kama huu.

Wako waaminio kwamba kila kilicho chekundu huongeza damu, kwa hiyo hutafuta biti, juisi ya rozela na soda nyekundu. Rangi si hoja. Kunde ni za kahawia na dagaa ni wa rangi ya fedha, na vyote viwili vina chuma kingi kuliko soda yoyote ya rangi ya damu. Maini, ambayo bibi zetu waliyasifu, waliyasifu kwa haki, kwani ni hazina ya chuma. Lakini yana pia vitamini A nyingi mno, na ikizidi katika mimba changa huweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo yaliwe kidogo na mara chache, yasifanywe dawa ya kila siku. Na katika samaki ifahamike kwamba wale wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro, hukusanya zebaki katika nyama zao kwa miaka mingi. Mja mzito awaepuke na kuwaelekea vibua, dagaa na changu.

Baada ya mwili tutazame tamaa zake. Miezi ya mwanzo ni miezi ya mimba kuchagua: mmoja hawezi harufu ya kitunguu kinachokaangwa, wa pili hukimbia shombo la samaki, wa tatu mimba humkataza mumewe, akawa hawezi hata kukaa karibu na kanzu yake. Hili si deko. Ni mageuzi ya mwili, na huwapata wengi. Waliotangulia walikuwa na mbinu nzuri: tangawizi katika maji ya moto, ndimu ya kunusa, mkate mkavu kabla ya kuinuka kitandani, na kula kidogo kidogo mara nyingi badala ya kula sana mara moja, na tabibu wa leo hana la kuzitoa mbinu hizo kasoro. Lakini mwanamke atapikaye hata maji, akapungua uzito na kukojoa kidogo, tena mkojo mweusi, huyo hapaswi kuambiwa avumilie. Huyo apelekwe hospitali.

Katika hamu hizo iko moja inayostahili kutazamwa peke yake, nayo ni hamu ya udongo. Nenda katika soko lolote la mji mkubwa wa Afrika Mashariki, utaukuta udongo uliokaushwa na kukatwa vipande, umepangwa mafungu mafungu karibu na tangawizi na ukwaju, na wanunuzi wake wengi ni waja wazito. Kumcheka mlaji udongo ni ujinga, na kumwogopesha hakusaidii. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na kwa hiyo ni ishara ya kusomwa. Udongo haumpi chuma anachokitafuta. Bali huweza kukifunga chuma cha chakula kisipite, na huweza kubeba mayai ya minyoo, au risasi na sumu nyingine za ardhini. Kwa hiyo mwanamke anayetamani udongo apimwe damu na apewe dawa ya minyoo kwa wakati wake, na mume anayemwona mkewe akimumunya udongo kisirisiri ajiulize kwanza ni lini nyumba yake ilipomlisha nyama.

Hapa tunaingia katika miiko. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mja mzito alikatazwa mayai, kwa kudaiwa kwamba mtoto atazaliwa bila ya nywele au kwa taabu. Katika Buganda ya zamani wanawake hawakula kuku wala mayai, wawe na mimba au wasiwe nayo. Na pengi hata leo mwanamke huambiwa apunguze chakula katika miezi ya mwisho, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kupita. Ukiyapanga makatazo hayo mbele yako kama mfanyabiashara apangavyo bidhaa, utaona kwamba mengi yana sura moja: kinachokatazwa aghalabu ni kile kilicho kitamu, ghali na haba, ambacho kisipoliwa na mwanamke huliwa na mgeni, na mume, na mzee wa nyumba. Sisemi kwamba wazee walikaa baraza wakapanga hila. Ada haziundwi hivyo. Nasema kwamba mwiko unaompa faida mtu mwingine hupata watetezi wengi, na watetezi wakiwa wengi mwiko huishi muda mrefu kuliko dalili yake. Na ule wa kupunguza chakula ndio mbaya kupita yote, kwa sababu mtoto mdogo aliyezaliwa dhaifu yu hatarini zaidi katika siku zake za kwanza, na mama aliyejinyima huingia katika uchungu bila ya nguvu za kusukuma.

Walakini insafu inatutaka tuseme pia upande wa pili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake ilikuwa nguzo ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, aliona mambo ya uzazi yanastahili kuandikwa sambamba na mambo ya biashara na ya utawala. Na msomaji wa ada za zamani, akiisha kuyaacha makosa yake, huona jinsi nyumba nzima ilivyoizunguka mimba. Wazee waliamini kwamba hamu isiyotimizwa humwachia mtoto alama. Imani hiyo si ya kweli. Lakini kwa sababu yake mume alitoka usiku kutafuta embe bichi, na jirani aliyepika kitu chenye harufu nzuri alimletea mja mzito kionjo kabla ya yeye mwenyewe kula. Walisema mja mzito asikasirishwe, asibebeshwe mtungi, asipewe habari mbaya kwa ghafula. Mwanamke wa mimba ya kwanza alirudi kwao ilipofika miezi saba, akalelewa na mama yake, akakandwa na mkunga, na kazi ya kukuna na kutwanga ikachukuliwa na dada zake. Walikosea katika sababu, wakapatia katika tendo.

Sasa tuitazame nyumba ya leo. Mke wa mji, katika chumba cha kupanga Dar es Salaam au Mombasa, yuko mbali na mama yake kwa safari ya siku nzima. Wifi zake wana kazi zao. Jirani hamjui ila kwa sauti ya redio. Wengine ni mama lishe, wanaosimama mbele ya mafiga tangu alfajiri ili wawalishe wajenzi na madereva, nao wenyewe hula alasiri kilichobaki sufuriani. Ndoo moja ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila ya kuhesabu ndoo yenyewe, na nyumba ya watu wanne haimalizi siku kwa ndoo moja. Moshi wa kuni na mkaa unaingia katika pafu la mama na humfikia mtoto kwa njia ya damu. Miongoni mwa sumu zake iko hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu uwezo wa kubeba pumzi, na watoto wa akina mama wanaopika katika moshi mwingi huelekea kuzaliwa wakiwa na uzito mdogo. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni njema. Lakini mimba haingoji miaka 10. Nyumba isiyoweza bado kununua mtungi wa gesi inaweza kuhamisha jiko la mkaa kutoka chumbani hadi uwanjani, kukausha kuni, kuloweka maharage usiku mzima ili moto uwake kwa muda mfupi, na, lililo kubwa kuliko yote, kumweka mtu mwingine mbele ya jiko hilo.

Usafi wa jikoni nao una hukumu zake katika wakati huu, kwa kuwa maradhi ambayo mtu mwingine huyapita kwa siku mbili huweza kumwangusha mja mzito au kumdhuru mtoto. Maziwa yachemshwe, hata yakiwa yametoka kwa mfugaji tunayemwamini. Nyama iive mpaka ndani. Mboga za kachumbari zioshwe kwa maji salama. Na kiporo, ambacho ni kifungua kinywa cha wengi, kisiachwe mezani usiku kucha, tena kipashwe mpaka kichemke, si kutiwa vuguvugu tu.

Nani basi atakayesimama mbele ya jiko? Wanaume wengi hujibu kwamba kupika si kazi yao, na husema hivyo kana kwamba wanataja sheria ya tangu na tangu. Jibu hilo halisimami katika nchi yetu wenyewe. Katika harusi za pwani, masufuria makubwa ya pilau na biriani aghalabu husimamiwa na wanaume, na sifa zao huvuma mtaa hata mtaa. Wavuvi waendao dago hupika wenyewe kwa majuma mazima, wakakuna nazi zao na kusonga ugali wao. Na jahazi halikupata kung'oa nanga bila ya mpishi wake. Mwanamume wa pwani anajua kupika. Alichokosa ni desturi ya kupika nyumbani kwake siku ambayo hapana karamu. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na methali hiyo, ingawa hutumiwa barazani kwa mambo makubwa ya umoja, ilizaliwa jikoni, na haina aibu kurudi huko.

Sheria imegusa jambo hili kwa ncha ya kidole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupewa siku 3. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, mama hupata miezi mitatu na baba majuma mawili. Siku hizi za baba huanza mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa; kwa ile miezi tisa ya kabla, hapana sheria itakayomtoa mwanamume kazini akamkunie mkewe nazi, kwa hiyo jambo limebaki katika dhamiri yake.

Dini nayo imekwisha kutangulia katika huruma. Kila Ramadhani huwako waja wazito wanaofunga kwa haya, wakiogopa macho ya watu kuliko wanavyoogopa udhaifu wao. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wameeleza kwamba mja mzito akiichelea nafsi yake hula, kisha akalipa siku zake baadaye. Na akimchelea mtoto peke yake, hula, akalipa, na kutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Ruhusa hii haikutolewa kwa unyonge bali kwa rehema, na nyumba inayomfanya mwanamke ajifiche nyuma ya mlango ili anywe maji imeifunga njia ambayo Mola ameiacha wazi. Vivyo hivyo kwa kliniki: Shirika la Afya Duniani linashauri mja mzito aonane na wataalamu mara 8 kabla ya kujifungua, na mficha uchi hazai. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kutoka damu, au mtoto kuacha kucheza, si mambo ya kungojea ushauri wa jirani wala ya kutibiwa kwa mitishamba.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo kwangu mimi ndilo linalofungua swali hili lote. Tazama jinsi mataifa yetu yanavyomlisha mwanamke aliyekwisha kuzaa. Kilimanjaro hupikiwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama hadi zikawa laini. Wakikuyu humpikia njahi. Pwani mzazi huwekwa ndani arobaini nzima, akafungwa tumbo, akakandwa, akanyweshwa supu ya kuku na uji wa pilipili manga, na aliyemkuta ameinama kufagia humkemea yeyote aliyemwachia ufagio. Hapana kabila miongoni mwa hayo lisilojua kwamba mama anahitaji nyama, kupumzika na mikono ya wenzake. Ujuzi tunao, na upendo tunao. Ila tunangoja tumwone mtoto kwa macho ndipo tumheshimu mama yake. Na miezi yote ambayo mtoto huyo anaumbwa, mifupa yake ikichukua kalisi na damu yake ikichukua chuma, mama amekaa mkiani mwa sinia. Hatuna haja ya kuazima ada mpya. Ada ni hiyo hiyo ya arobaini, nayo inataka kuanza mapema.

Na ikiwa nitaulizwa ianzie wapi, nitasema ianzie katika kupakua. Ratiba za lishe zina manufaa, na vidonge vina manufaa, lakini nyumba yenye samaki mmoja na watu tisa haiulizi kalori. Inauliza nani akatiwe kipande gani. Fungu la mja mzito likikatwa kwanza, kabla ya la mgeni na la mwenye nyumba, mambo mengine hufuata, kwa sababu aliyemkatia mtu fungu la kwanza huona aibu kumwachia pia ndoo na mbuzi.

Jioni ile ya Tanga nilijitia moyo nikamwambia mama mkwe wake maneno haya, kwa adabu, maana nilikuwa katika nyumba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi nasi tulizaa hivyo hivyo, bwana." Sikuwa na jibu, kwa sababu ilikuwa kweli, na katika sauti yake nilisikia kwamba naye, ujanani mwake, alikula ukoko.

Nilirudi baada ya majuma matatu. Nilipopita uani, juu ya mbuzi alikaa shemeji wa mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mingapi, anakuna kwa haraka na kwa fujo, machicha mengine yakiruka nje ya ungo. Mama mkwe alikuwa ametoa changu motoni. Akakata kipande cha katikati, akakiweka katika bakuli pamoja na mchicha, akakamua limau juu yake, akafunika kwa kawa na kulisogeza bakuli kando. Aliponiona nimesimama alisema, bila ya kuinua macho, "Hilo la mwana. Wageni watapata litakalobaki." Barazani siku hiyo niliwekewa mkia, nikaula kwa shukrani.